Neno "Mwenendo": Asili Yake na Matumizi Yake

Katika mkutano mmoja wa walimu wa Kiswahili wa mji wetu wa Kalemie, uliokuwa na ajenda ndefu na muda mfupi, lilizuka swali ambalo hakuna aliyedhani lingetushughulisha kwa zaidi ya dakika tano. Karatasi za matokeo wanazopewa wanafunzi wetu zimeandikwa kwa Kifaransa, na chini kabisa, baada ya alama za hesabu na jiografia na mengineyo, pana mstari wa neno conduite. Mzazi asiyejua Kifaransa huuliza mstari huo una maana gani. Mwalimu mmoja alisema kwamba yeye humjibu mzazi, "ni tabia." Wa pili akasema, "ni adabu." Wa tatu akashikilia kwamba ni nidhamu. Mzee kupita sisi sote, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akasema kwamba tangu aanze kazi yeye husema "mwenendo", wala hajapata kujiuliza kwa nini. Mkutano ukafungwa bila ya uamuzi.

Sisi tuliondoka pale na swali lile kichwani, kwa sababu tulikuwa na deni letu wenyewe kuhusu jambo hilo, ambalo tutalieleza mahali pake. Kwanza tulitazame neno lenyewe.

Mwenendo ni nomino ya ngeli ya M-/MI-, wingi wake mienendo, nayo imetokana na kitenzi enenda, ambacho ni sura ya zamani ya enda. Kitenzi hicho hakisikiki sana siku hizi katika mazungumzo, lakini kimehifadhiwa katika Biblia na vinywani mwa wazee. Na amri yetu ya kila siku, nenda, huelezwa kuwa ni enenda iliyopoteza kichwa chake. Kutokana na enda tumepata mwendo, na kutokana na enenda tumepata mwenendo. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, walakini kila mmoja amejenga nyumba yake. Mwendo hupimwa kwa saa au kwa masafa: twasema mwendo wa haraka, mwendo wa siku mbili. Mwenendo haupimwi hivyo. Silabi ile iliyorudiwa ni kama hatua iliyorudiwa: si kwenda mara moja, bali ni kwenda na kwenda tena, hata mtu anayetazama kando ya njia akapata haki ya kusema, "Huyu ndivyo aendavyo." Mtu aliyelewa siku moja ya arusi ya ndugu yake amefanya kitendo, hajawa bado na mwenendo wa ulevi.

Ndiyo sababu neno hili halikubaki kwa binadamu peke yake. Wafanya biashara husema mwenendo wa bei, na hawana maana ya bei ya leo wala ya jana, bali ya namna bei zinavyopanda na kushuka mwezi baada ya mwezi. Wanasheria wa Tanzania wamelichukua kwa kazi nzito zaidi: sheria zao za utaratibu wa mahakama huitwa sheria za mwenendo wa mashauri, na mwenendo wa kesi ni kumbukumbu ya hatua zote zilizopitiwa tangu kesi ilipofunguliwa hadi ilipokatwa. Jaji wa rufani huagiza aletewe mwenendo huo, naye husoma nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani. Hapa neno limetumika kwa maana yake ya asili kabisa. Hatudhani kwamba waliolichagua walikosea.

Sasa tuyaweke pembeni yake yale maneno mengine yaliyotajwa mkutanoni. Tabia limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupiga chapa au muhuri. Tabia basi, kwa asili yake, ni chapa aliyopigwa mtu. Na jirani yake hulka limetoka katika mzizi wa kuumba. Mwenye kusema tabia anasema mtu alivyo. Adabu nalo ni la Kiarabu, na huko kwao neno hilo hilo ni jina la fasihi. Ni malezi yaliyoingia mtu hata yakaonekana katika usemi wake, ukaaji wake na ulaji wake. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utenzi wa wosia mnamo mwaka 1858, adabu ilikuwa miongoni mwa mambo aliyomwusia. Nidhamu ni utaratibu, na mzizi wake ni ule wa kutunga shanga katika uzi, ambao pia umezaa istilahi za utungaji wa mashairi. Nidhamu huhitaji kundi, kwani ushanga mmoja hautungwi. Desturi, lililotufikia kutoka Uajemi, ni la jamii nzima: Mtoro bin Mwinyi Bakari hakuandika mwenendo wa Waswahili, bali desturi zao, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Na maadili, neno lenye nasaba moja na uadilifu, ni vipimo ambavyo kwavyo mwenendo huhukumiwa. Si mwenendo wenyewe.

Kwa ufupi, katika jamaa hii kubwa ya maneno ya kigeni yaliyopata uraia, mwenendo ni la Kibantu kwa mzizi wake na kwa viambishi vyake, nalo peke yake husema juu ya jambo linaloonekana. Hakuna aliyepata kuiona tabia. Mwenendo huonwa na majirani.

Msomaji asidhani kwamba kufananisha maisha na kutembea ni hekima ya Waswahili peke yao. Waarabu huita habari za maisha na mwenendo wa mtu sira, kutokana na kitenzi cha kwenda, na Waislamu wetu hulijua neno hilo katika masomo ya maisha ya Mtume. Sheria za dini ya Wayahudi zina jina litokanalo na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kutembea. Hapa kwetu Kongo tuna mfano ulio karibu zaidi: katika Kilingala, kotambola ni kutembea, na etamboli ni mwenendo, kozala ni kuwa, na ezaleli ni tabia. Kwa hiyo wenzetu wa Kinshasa wametofautisha mambo yale yale mawili tunayoyatofautisha sisi, yaani mtu alivyo na mtu aendavyo, na wameyatofautisha kwa vitenzi vyao wenyewe bila ya kumwomba mtu. Wanyarwanda wameshika njia nyingine: neno lao imyifatire limetoka katika kushika, yaani namna mtu anavyojishika. Nao Wafaransa, katika conduite yao, wamechagua kuongoza. Anayetembea, anayejishika na anayejiongoza hawatazamwi kwa jicho moja. Lakini hilo tuwaachie wanafalsafa.

Kiswahili kilifika katika nchi hizi za ufukwe wa magharibi wa Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyobeba pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala, kusini mwa mahali palipo mji wetu leo. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa Mapadre Weupe, ambao walitumia Kiswahili katika kazi zao za kufundisha dini. Katika mafundisho ya Wakristo, neno mwenendo lilipata makao ya heshima. Hata katika Biblia ya mwaka 1952 inayojulikana kama ya Muungano, msomaji wa nyaraka za Petro hukutana nalo zaidi ya mara moja. Tangu wakati huo neno lilianza kuvaa kanzu: mtu akisema mwenendo, wasikilizaji hukaa vizuri vitini. Urasmi ulionao neno leo, kwa maoni yetu, unatokana kwa sehemu kubwa na mimbari.

Baada ya mimbari ikaja ofisi, nayo ndiyo iliyoleta mageuzi ambayo walimu hawana budi kuyajua.

Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji tangu mwaka 1908. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwako mijini Waafrika wengi waliosoma: makarani, wauguzi, walimu, waandishi wa posta. Watu hao waliitwa kwa Kifaransa evolue, na tafsiri yake ya karibu kabisa kwa Kiswahili ni walioendelea. Tunamwomba msomaji alitazame neno hilo: endelea pia ni mwana wa enda. Tangu mwaka 1945 walikuwa na jarida lao huko Léopoldville, La Voix du Congolais, lililohaririwa na Antoine-Roger Bolamba, na humo walijadili sana jinsi mtu aliyesoma apasavyo kuishi. Walichotaka kwa serikali kilikuwa dhahiri: wasitendewe kama watu wasiosoma, wala wasipigwe fimbo.

Jibu la serikali lilikuwa karatasi. Kwa amri ya mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa ya uraia. Mwenye kuiomba alitakiwa athibitishe kwamba ana mwenendo mwema. Kwamba hana wake wengi wala hajishughulishi na uchawi. Kwamba hakuhukumiwa kwa makosa ya kuvunja uaminifu. Na kwa kawaida kwamba ajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Aliyeipata alisamehewa adhabu ya viboko, pamoja na mambo mengine machache. Kisha mwaka 1952 ikaja sheria ya kuandikishwa, iliyokuwa na mlango mwembamba zaidi: mwombaji alitakiwa aonyeshe, kwa mafunzo yake na kwa namna yake ya kuishi, kwamba amefikia ustaarabu uliompasa kuwekwa chini ya sheria za kiraia za Wazungu. Wachunguzi walifika hata nyumbani kwake. Walitazama jiko, choo, meza na vyombo vya kulia. Walitazama anavyokaa na mkewe na wanawe.

Wale wote waliokuwa wakimjua mtu huyo, waliomwona akienda kazini alfajiri na kurudi jioni kwa miaka 20, hawakuwa na neno. Mwenendo wake ulitazamwa kwa saa moja ya mchana na wageni waliohesabu uma. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, alikataliwa mara ya kwanza, akaandikishwa mwaka 1954. Miaka sita baadaye alikuwa waziri mkuu wa nchi.

Hesabu yenyewe ilikuwa ndogo hata kustaajabisha. Kufikia mwaka 1958, katika nchi ya watu wapatao milioni 14, kadi ya mwaka 1948 ilikuwa imewafikia watu 1,557. Na walioandikishwa kwa sheria ya mwaka 1952 walizidi 200 kidogo tu. Hatuamini kwamba katika nchi nzima hawakupatikana wenye mwenendo mwema zaidi ya hao.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na kadi zile zikawa vitu vya makumbusho. Lakini wazo halikwenda na kadi. Nchi ilibadilishwa jina mwaka 1971 ikawa Zaire, watu wakabadilishwa majina mwaka uliofuata, nchi ikarejea jina lake la Kongo mwaka 1997, na katika muda huo wote mtu mwenye kutafuta kazi au nafasi ya chuo ameendelea kutakiwa alete cheti cha mwenendo mwema. Hutolewa kwa ada, hupigwa muhuri, na mara nyingi hutiwa sahihi na afisa ambaye hajapata kumwona mwombaji akienda hata hatua moja, isipokuwa zile za kutoka mlangoni hadi mezani pake. Tumesema kwamba tabia, kwa asili yake, ni chapa. Ofisi imeuchukua mwenendo nao ikaupiga chapa, na hivyo maneno mawili yaliyokuwa mbalimbali yamekaribiana hata walimu mkutanoni wasione tofauti yake. Hapo ndipo ulipo mkanganyiko, wala haukuletwa na uvivu wa walimu.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walipita njia nyingine kidogo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowawekea viongozi masharti ya maisha yao, masharti hayo yalijulikana kama miiko ya uongozi, neno la jadi lenye kutaja yale yasiyofanywa. Na sheria yao ya mwaka 1995 ikachagua maadili. Yote mawili ni maneno ya vipimo, tena mazuri. Hakuna lililochukua nafasi ya mwenendo.

Tumeahidi kueleza deni letu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa wageni kazini, tulifundisha katika shule moja ya sekondari ambayo hatutaitaja. Palikuwa na kijana wa darasa letu aliyechelewa mara kwa mara, akasinzia, na siku moja akamjibu mwalimu mwenzetu kwa ukali. Mwisho wa mwaka, pamoja na alama mbaya tuliyompa katika mstari ule wa chini, tuliandika kwa mkono wetu maneno mawili ya Kiswahili ili nyumbani kwao wasome wenyewe: "Tabia mbaya." Tuliona tumefanya hisani kwa kuandika lugha inayofahamika.

Familia yake ikahama mtaa. Kijana alipopeleka karatasi ile katika shule nyingine, mkuu wa shule alisoma maneno yale mawili akamrudishia. Siku chache baadaye akaja kwetu bibi yake, kambo kama tusemavyo hapa kwetu, mama mtu mzima aliyekuwa akiuza dagaa kando ya ziwa. Hakuja na hasira. Alitusalimu, akakaa, akaifungua karatasi iliyokuwa imekunjwa katika kitambaa, akatuomba tumsomee yaliyoandikwa, ijapokuwa alikwisha somewa na wengine. Tukamsomea. Akasema, "Mwalimu, umeandika vile mwanangu alivyo. Mimi nilitaka kujua alikwendaje." Kisha akatueleza kwamba mwaka ule kijana alikuwa akiamka usiku kwenda kumpokea mizigo ya dagaa ufukoni kabla ya kuja shule, kwa sababu yeye mwenyewe aliumwa miguu. Jambo hilo hatukuliuliza hata siku moja.

Lau tungaliandika "mwenendo", neno lenyewe lingetudai tuseme zaidi. Sentensi "Mwenendo wake ulikuwa mbaya" haikai vizuri peke yake. Msomaji hungoja aambiwe tangu lini, katika jambo gani, na hadi lini. Mwenendo hupokea wakati: mwenendo wake wa muhula wa kwanza, mwenendo wake tangu Januari. Hupokea badiliko bila ya kugombana na sarufi: mwenendo wake umebadilika, umetengenea, umelegea. Tabia nayo hubadilika, ndiyo, na wahenga walisema kwamba mazoea hujenga tabia, nasi twasikia ndani ya methali hiyo kwamba hata chapa huanza kwa hatua. Lakini maneno "tabia mbaya" yakiandikwa peke yake katika karatasi hayana mwanzo wala mwisho.

Kwa hiyo, kwa swali la mkutano, sisi twamuunga mkono yule mzee wetu: mstari ule ni mwenendo. Yafaa wanafunzi pia wazoezwe mambo machache ya matumizi. Mtu mmoja huwa na mwenendo. Mienendo hutumika kwa watu wengi au kwa njia mbalimbali za kutenda, na kusema "mienendo yake" kwa kosa moja ni kulikuza. Sifa zake za kawaida ni mwema, mzuri, mbaya. "Mwenendo mtukufu" ni ya mimbari, wala haimfai mtoto wa darasa la tatu. Mtu hashiki mwenendo kama ashikavyo adabu, wala hatiwi mwenendo kama atiwavyo adabu kwa bakora. Huwa nao, huurekebisha, huuangalia. Na mwanafunzi akiandika mwendo mbaya akikusudia mwenendo mbaya, mwalimu asikate tu kwa wino mwekundu, bali amwulize kama anamsema mtu au gari.

Karatasi ile ya kijana hatukuweza kuifuta, kwa kuwa ilikwisha pigwa muhuri. Tuliomba karatasi nyingine kwa mkuu wetu wa shule, akatupa baada ya siku nne na maneno mengi. Tukaandika kwamba mwenendo wa mwanafunzi katika mwaka ule ulikuwa wa kuchelewa, kwa sababu ya kazi ya nyumbani iliyojulikana kwetu baadaye. Kwamba alimjibu mwalimu vibaya mara moja, mwezi wa Machi. Na kwamba baada ya hapo hakurudia. Bibi akaikunja katika kitambaa kile kile. Shule aliyoikusudia ilikuwa imejaa tayari, kijana akangoja mwaka mzima ufukoni kabla ya kupokewa.